Kufungwa kwa Hamissi

Benite hakuwa mwongo. Hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu wa mtaa wa Cibitoke walimlaumu sana, na wengine wakaacha hata kununua makaa yake. Alichosikia alikisikia kweli, kwa masikio yake mwenyewe, akiwa kwenye benchi la zahanati moja ya Mutanga Sud akingoja kupimwa presha. Mlango wa daktari ulikuwa pazia tu, na pazia halijawahi kuzuia sauti ya mtu mzima.

"Njia ziko mbili," alisema daktari, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Bukavu. "Ya kwanza ni dawa. Unakunywa kila siku, labda maisha yote. Ya pili, tunakufunga."

"Mi nimechoka na vidonge, dokta," ikajibu sauti nyingine. "Munifunge tu mara moja, ikwishe."

Benite aliifahamu sauti hiyo. Ilikuwa ya Hamissi, fundi wa magari, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Bibi yako anajua?"

"Apana. Na sitaki ajue."

"Mutu hafungwi hivi hivi. Fikiri kwanza. Rudi Alhamisi unipe jibu, na yeye umulete."

Basi, ungekuwa wewe ungeelewa nini? Benite, mama wa watoto sita, aliwahi kukalishwa mbele ya muuguzi akaambiwa vilevile kwamba njia ni mbili, vidonge vya kila siku au kufungwa. Alielewa kile ambacho kila mwanamke wa Bujumbura angeelewa. Akapimwa presha, ikakutwa juu kuliko mara iliyopita, akarudi mtaani na kwenda moja kwa moja kwa Mwanne, mke wa Hamissi.

"Mama Hayat," alisema kabla hata ya kuketi, "bwana yako anakwenda kwifungisha."

Neno lilikuwa la Kirundi, na Kirundi hakizunguki katika jambo hilo: ni mtu kwenda kwa miguu yake kuomba afungwe kizazi. Mwanne alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Aliendelea kuchambua kidogo, mikono ikifanya kazi yake, kisha akauliza swali lililomjia kwanza.

"Wanaume nao wanafungwa?"

"Siku hizi wanafungwa. Dakika kidogo tu, anarudi nyumbani."

"Wanafungwa wapi?"

Benite akaeleza kwa kadiri ya ujuzi wake, ambao haukuwa mwingi, na kwa mikono, iliyokuwa wazi kuliko maneno. Mwanne akatazama ile mikono, akatazama mlango kuona kama Hayat, binti yake wa miaka kumi na mmoja, yuko karibu. Hayat ndiye mtoto wao pekee. Mimba mbili baada yake hazikufika. Mwaka mzima uliopita Mwanne alikuwa akimwambia mumewe wajaribu tena, na mumewe akijibu wangoje kidogo. Sasa alijua walikuwa wanangoja nini, na moyo ulimuuma kiasi kwamba alimsahau mgeni wake, hata maji ya kunywa hakumpa.

~

Jioni hiyo alipika samaki wa mukeke kwa mawese, akatia pilipili mbili nzima, chakula ambacho Hamissi alikuwa akikila zamani mpaka anafuta sahani kwa tonge la mwisho. Hakupika kwa mapenzi. Alitaka kuona.

"Kula, Baba Hayat."

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Garaji. Tulikula kidogo kule."

"Garaji wanapika mukeke?"

Hamissi akavuta ugali, akala na lengalenga peke yake, akiepa mchuzi kwa uangalifu. Kisha akanywa maziwa. Mwanne alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu siku za uchumba, lakini sasa kwa nia nyingine. Mbona anapozungumza anageuza kichwa pembeni? Mbona mdomoni daima kuna chingamu ya minti, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja? Na kile kiti? Tangu kabla ya Ramadhani alikuwa analala sebuleni, amekaa kwenye kiti cha sofa, mito miwili mgongoni, akisema chumbani kuna joto. Mvua zilikuja, joto likaondoka, yeye akabaki kwenye kiti.

"Kuna kitu unataka kuniambia?" alimuuliza.

Hamissi akaweka mkono kifuani, akameza mate kama mtu anayemeza mfupa. "Kitu gani?"

"Mi ndiyo nakuuliza we."

"Hakuna kitu, Mama Hayat."

Akainuka, akaenda kwenye kiti chake. Mwanne akaila mukeke yote peke yake, kwa hasira, na ilikuwa tamu.

~

Msomaji asihangaike: Hamissi hakuwa na mwanamke nje. Alikuwa na kiungulia.

Wewe labda unakijua kile cha kupita, cha baada ya karamu, kinachoondoka kwa glasi ya maji. Cha Hamissi kilikuwa cha miaka, na hakikuwa na adabu. Moto ulianzia chini ya kifua ukapanda hadi kooni. Akiinama juu ya injini, maji machungu yanakuja mdomoni. Akilala chini ya gari, hivyo hivyo. Akisujudu, huinuka haraka kabla ya imamu, na jirani yake katika safu alishamtupia jicho. Mwaka huo mafuta yalikuwa ya shida mjini, na kila mteja alitaka anyonyewe kidogo kutoka gari moja kutiwa jingine. Hamissi alinyonya kwa mpira na mdomo, akatema, akakohoa, na usiku akalipia.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomshinda ni harufu. Mama mmoja wa ofisini alikuja na gari lake, na Hamissi alipoinama dirishani kumweleza habari ya breki, yule mama akapandisha kioo taratibu, akibaki na tabasamu lake, mpaka wakawa wanaongea kupitia glasi. Hamissi alimaliza maelezo yote ya breki mbele ya kile kioo. Siku hiyo ndipo alipoanza chingamu.

Na usiku mmoja kitandani aliamka anakohoa, maji yamemfika puani, akatema kwenye shuka. Mwanne, usingizini, akageukia ukutani. Alikuwa amelala fofofo na hakujua lolote, lakini Hamissi aliona mgongo wa mkewe na akaupokea kama hukumu. Kesho yake alihamia kwenye kiti.

Wala hakuwa mjinga. Alikwenda hospitali, wakampitisha mpira wenye kamera kooni, jambo ambalo hatalisahau. Alikwenda akiwa na hofu, maana baba yake alikufa akiwa hawezi kumeza hata uji. Walimwambia hana ugonjwa wa baba yake. Ana kidonda cha kuungua, na sehemu ya juu ya tumbo imeteleza kutoka mahali pake. Alitoka pale na furaha ya mtu aliyenusurika, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu kwamba anaumwa. Kunyamaza nako mtu huzoea.

~

Jumatatu Mwanne alikwenda Ruziba kwa kaka yake Uthmani, ambaye analima nyanya karibu na ziwa. Alimkuta shambani, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Kaka, mi nataka kurudi nyumbani."

Uthmani akaweka jembe chini. "Amekupiga?"

"Apana."

"Hakupi chakula?"

"Ananipa."

"Sasa nini?"

"Anataka kufungwa."

"Ameiba nini?"

Mwanne akalazimika kueleza, na kumweleza kaka yako jambo kama hilo katikati ya nyanya si kazi ndogo. Alilisema kwa kuzunguka, kisha kwa kufupisha, mwishoni akasema neno la Kirundi, na Uthmani akaelewa. Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo.

"Mwanaume muzima," alisema. "Bila kukuuliza?"

"Bila kuniuliza. Na analala mbali na mimi. Na halali nyumba nyingine, lakini na kwangu halali."

"Basi anakuambia uende, ila hataki kulisema yeye." Uthmani alikuwa mtu wa maamuzi ya haraka, ndiyo maana nyanya zake nyingine zilioza na nyingine zikauzwa vizuri. "Chumba cha nyuma nitatoa mbegu na dawa za shamba. Ijumaa, nyuma ya sala, nakuja na pikapu. We panga vitu vyako tu."

"Sawa, kaka."

Njiani kurudi alilia, bila kujificha, na mwanamke aliyekaa karibu naye akampa kitambaa bila kuuliza. Alimpenda mume wake, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Angekuwa hampendi, angefungasha na kuondoka akiimba.

~

Habari ilikuwa imeshafika bombani kabla yake. Alipokwenda kuteka maji kesho yake, wanawake walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumza wote pamoja juu ya bei ya sabuni. Mmoja hakuweza kujizuia.

"Pole, Mama Hayat. Eti wakifungwa ndevu zinaanguka?"

"Zinaanguka wapi!" alisema mwingine. "Wananona tu. Kama ng'ombe aliyehasiwa."

"Na sauti?"

Mwanne alijaza bidoni yake nusu, akaondoka nayo nusu.

Garajini nako mambo hayakuwa bora. Valéry, fundi mwenzake Hamissi, alimzunguka asubuhi nzima ya Jumatano akijifanya anatafuta spana. Mwishowe akachuchumaa karibu naye.

"Chef, ni kweli inauma?"

Hamissi akashtuka. Alidhani amejificha vizuri. "Nani amekuambia?"

"Watu wanasema tu. Inauma?"

"Inawaka kama moto, rafiki yangu. Hasa nikilala."

Valéry akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Na bado hawajakufunga! Sasa wakishakufunga itakuwaje?"

"Dokta anasema nitapumzika."

"Kupumzika, d'accord. Lakini na bibi yako, chef? Ye atapumzika?"

Hamissi alidhani Valéry anazungumzia kukohoa usiku. "Ye ndiyo atalala vizuri kuliko wote," akasema, na Valéry akasimama, akaenda kukaa mbali kidogo, akitafakari jinsi ndoa za watu zilivyo na siri.

~

Alhamisi Hamissi alivaa shati safi, akasema anakwenda kutafuta spea. Mwanne alimwacha apotee kwenye kona, akajifunga kitambaa, akamfuata. Hakwenda kumzuia, au ndivyo alivyojiambia. Alitaka kusikia kwa masikio yake kabla pikapu haijaja, ili siku moja Hayat akimuuliza awe na jibu lisilo la Benite.

Alikaa kwenye benchi lile lile. Pazia lilikuwa lile lile.

"Umefikiri?" ilisikika sauti ya daktari.

"Nimefikiri. Nifunge, dokta."

Hapo miguu ya Mwanne iliamua bila yeye. Alifungua pazia, akaingia, na akasema bila salamu, jambo ambalo mama yake angelilia kaburini:

"Huyu ni bwana yangu. Hatafungwa!"

Hamissi alisimama, akakaa, akasimama tena. Daktari Namegabe, mtu mnene mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso, hakushangaa hata kidogo. Alivuta kiti.

"Afadhali umekuja, mama. Nilimuambia akulete. Karibu, kaa."

"Sikai. Sikubali."

"Ni haki yako kuuliza. Lakini tumuonee huruma na yeye. Miaka yote hii anasumbuka."

"Anasumbuka?" Sauti ya Mwanne ilipanda. "Mi ndiyo nimemusumbua? Nusu mwaka hajanigusa, nimemusumbua saa ngapi?"

Kwenye benchi nje watu wakasogea karibu na pazia. Hamissi alitazama sakafu, akaiomba ipasuke. Daktari akashusha miwani machoni.

"Mama, tusiogope neno. Hatukati kitu, hatutoi kitu. Tunatoboa tundu ndogo ndogo, tunakunja ile sehemu ya juu, tunaizungusha, tunashona. Basi."

"Munaizungusha!" alisema Mwanne, akashika ukuta.

"Halafu wiki za kwanza anatumia vitu laini tu. Supu, uji..."

"Uji?" Mwanne aliuachia ukuta. Kitu kilikuwa hakikai sawa. "Uji unaingilia wapi kwenye kizazi?"

Daktari alimtazama Mwanne, akamtazama Hamissi, kisha akauliza polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: "Kizazi cha nani?"

Kicheko kilianza nje ya pazia, kwa mgonjwa mmoja ambaye alikuwa ameelewa kabla yao, na kikaingia ndani kama maji. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Hamissi hakucheka. Alikuwa anaanza kuhesabu maswali ya Valéry, moja baada ya jingine, na masikio yalimwaka kuliko kifua.

"Kwa hiyo," alisema Mwanne, ambaye naye hakucheka, akakaa sasa kwenye kile kiti, "kinachofungwa ni nini?"

~

Daktari alikunja mkono wa shati lake na kueleza kwa ule mkono. Chakula kinashuka kwenye bomba. Chini ya bomba kuna mlango, unafunguka, chakula kinapita, unajifunga. Wa Hamissi umelegea. Tumbo lina asidi kali, nalo limezoea, lakini bomba halikuumbwa kwa asidi. Ikipanda, inaunguza.

"Ni klape, kama ya injini," alisema Hamissi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo asikike kama fundi. "Klape imekufa. Ndiyo maana nasema, pièce ikiharibika unabadilisha."

"Hapa hatubadilishi. Tunachukua tumbo lenyewe, juu hapa, tunalizungusha nyuma ya bomba kama kola ya shati, tunashona. Tumbo likijaa, kola inabana."

"Na ikibana sana?" aliuliza Mwanne.

"Swali zuri. Ikibana sana, chakula kinakwama, hasa mwanzoni. Na kingine: watu wengi hawawezi tena kubeua vizuri. Hewa inabaki tumboni. Kutapika pia kunakuwa shida."

"Kubeua?" Hamissi alikunja uso. Alikuwa mtu wa harusi na akika, na kwake sahani ya pilau haijaisha mpaka mbeuo utoke na alhamdulillahi ifuate nyuma yake. "Sasa mwenye harusi atajua namna gani kama nimeshiba?"

"Utamuambia kwa mudomo," alisema Mwanne.

Daktari akaendelea. Wako wanaofungwa na kupona kabisa. Wako ambao baada ya miaka kola inalegea, wanarudi kwenye vidonge. Na kabla ya kufunga kuna vipimo vingine, kuhakikisha bomba lina nguvu ya kusukuma chakula. Si kazi ya kukimbilia.

"Na hizo vidonge anakunywaga namna gani?" Mwanne aliuliza. Alikuwa hajui hata kama viko, na sasa alitaka kujua rangi yake, mahali vinapokaa, kila kitu.

"Ikiwaka, nakunywa," alisema Hamissi.

"Ikiwaka saa ngapi?" aliuliza daktari.

"Jioni, nyuma ya chakula. Kuna siku mbili, kuna siku tatu. Kuna siku hainiwaki, naacha."

"Nyuma ya chakula." Daktari alirudia kama mtu aliyekanyaga msumari. "Nani alikuambia nyuma ya chakula?"

"Kila mutu anajua. Dawa kali hainywewi na njaa, inatoboa tumbo."

"Ndugu yangu, hii si ya kuzima moto. Ni ya kuzuia usiwake. Asubuhi, tumbo tupu, unangoja nusu saa, ndipo unakula. Kila siku, hata kama hakuna kinachowaka. Miezi miwili bila kuruka. Nilikuuliza wiki ile kama unakunywa kila siku, ukasema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo," Hamissi alikubali, "kwa sababu kila siku nilikuwa nazo mufukoni."

Ikawa hivyo. Hakuna kufunga kwanza. Dawa ijaribiwe inavyotakiwa, maana mpaka siku hiyo haikuwa imejaribiwa. Chakula cha jioni kiliwe mapema, mawese na pilipili vipungue. Kunyonya mafuta kwa mdomo kuachwe, na juu ya hilo daktari alipaza sauti kidogo. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu yake, si kwa mito, mito humkunja mtu tumbo tu. Baada ya miezi miwili, kama moto bado uko, watakaa tena wote watatu wazungumze habari ya kola.

Mwanne alisimama, kisha akauliza lililobaki, akitazama kalenda ukutani. "Na mutoto?"

"Mutoto hana uhusiano na hii. Mukitaka hata leo."

Nje, kwenye benchi, mtu akasema amina.

~

Walirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa, Hamissi akimweleza habari ya mpira wa hospitali. Mwanne alimsimulia habari ya Benite na ya bombani, na walipofika kwenye ndevu zinazoanguka Hamissi alicheka mpaka akashika kifua. Walitafuta matofali manne, wakayaweka chini ya kitanda wao wenyewe. Hayat alilala juu yake kwa majaribio, akasema anateleza kwenda miguuni. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri.

Lakini baada ya sala ya isha, Hamissi alichukua mito yake miwili na kwenda kwenye kiti.

"Kitanda tumekiinua," alisema Mwanne kutoka mlangoni.

"Tungoje kwanza dawa ifanye kazi, Mama Hayat. Siku kidogo tu."

Tungoje. Mwanne alifahamu neno hilo kwa mwaka mzima. Simu ilikuwa mkononi mwake, alikuwa anataka kumwambia Uthmani asije. Aliitazama, akaiweka juu ya kabati. Kwa daktari walikuwa wamerekebisha neno moja. Ule mwezi baada ya mwezi wa kulala peke yake haukuwa neno, na hakuna aliyemweleza bado. Kiungulia kinamweka mtu ameketi, sawa. Hakimkatazi kusema.

~

Ijumaa pikapu ilifika Hamissi akiwa ndiyo kwanza ametoka msikitini, kanzu bado mwilini. Alimwona shemeji yake akishuka, akafurahi kweli.

"Shemeji! Karibu, karibu. Kumbe habari zimekufikia mpaka Ruziba." Akamshika mkono. "Ni tumbo tu, alhamdulillahi. Klape. Watu wamegeuza maneno, lakini ni kiungulia. Kaa, tunywe chai. Mi siruhusiwi, lakini we kunywa."

Uthmani hakukaa. Alimtazama dada yake, aliyesimama kwenye mlango wa chumbani akiwa amevaa nguo ya safari, na nyuma yake, juu ya kitanda kilichoinama, kulikuwa na masanduku mawili yaliyofungwa.

"Dada, vitu ni hivi tu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hamissi alitazama masanduku. Alichukua muda kuyaelewa. Aliuachia mkono wa shemeji yake, akauweka kifuani, na safari hii hakikuwa kiungulia.

"Unaenda wapi?"

"Ruziba."

"Kwa sababu ya maneno ya Benite? Lakini jana tulikuwa wote kwa dokta! Umesikia mwenyewe!"

"Ya Benite yamekwisha jana," alisema Mwanne. "Mi naenda kwa sababu ya kile kiti. Nusu mwaka, Baba Hayat. Nimekaa humu nikijiuliza nimekosa nini. Nimekuuliza, unasema hakuna kitu. Dokta wa Bukavu anajua, mpira wa hospitali unajua, mi najua kwa Benite. Jana usiku nikakuambia kitanda tumekiinua, ukasema tungoje. Sema mbele ya kaka. Ulitoka kitandani kwangu kwa nini?"

"Nilikuambia. Nikilala, inapanda..."

"Kitanda kimeinuka. Kwa nini?"

Uthmani alitazama mlango, akitamani kuwa kwenye nyanya zake. Hamissi alitazama mikono yake, yenye grisi isiyotoka hata kwa udhu. Alikuwa amezungumza na mama wa ofisini kupitia kioo na hakufa. Alikuwa amemezeshwa mpira na hakufa. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, na mbele ya shemeji.

"Mudomo wangu unanuka," alisema. "Watu wananikimbia. Usiku ule nilikohoa, nikatema, na we ukageuka ukutani. Nikasema, basi, na yeye amenichoka. Niliona afadhali nikae mbali kabla hujaniambia. Niliogopa, Mwanne."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Hayat azaliwe.

"Usiku gani?" aliuliza Mwanne. "Mi nililala. Sijui usiku gani."

Machozi yalimtoka Hamissi, na hakuyafuta.

Mwanne alivuka sebule. Alisimama mbele yake karibu sana, akamshika kidevu, kama anavyomshika Hayat akimtazama meno.

"Fungua."

"Mama Hayat, shemeji yuko hapa..."

"Fungua, nimesema. Na utoe hiyo chingamu."

Akaitoa. Akafungua. Mwanne akasogeza uso, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, bila kuharakisha, na hakugeuka.

"Inanuka," alisema. "Kaka, rudi Ruziba na gari yako."